Fyuzi Hulinda Waya, Haimlindi Mtu

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda, safari hii hatuandiki juu ya mishahara wala juu ya mizani ya chai. Tunaandika juu ya umeme wa nyumbani, yaani plagi, soketi, holda na nyaya za vyumba vya kambi. Tumechoka kuchangia jeneza, kisha kuitwa ofisini na kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mzembe.

Tuanze na kisa chetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 2011, wakati wa mvua, katika shamba moja la chai upande wa Tooro, magharibi ya Uganda, mwenzetu mmoja wa kiwandani alitoka zamu ya usiku akakuta mkewe amekwenda kuteka maji. Akaona afadhali apige pasi sare ya mtoto kabla ya saa ya shule. Chumba kilikuwa na globu moja tu, soketi hakuna. Basi akafanya kama tulivyokuwa tukifanya sisi sote: akatoa globu, akachomeka adapta katika holda ya taa, na waya wa pasi ukaning'inia kutoka darini. Alikuwa pekupeku juu ya saruji yenye unyevu. Jirani akasikia kishindo. Alipoingia alimkuta chini, na pasi bado iko mkononi. Jirani naye akamshika bega, akarushwa mpaka mlangoni, na bahati yake ni kwamba alirushwa badala ya kunaswa. Mtu wa tatu ndiye aliyekimbilia bodi mwisho wa safu na kung'oa fyuzi. Mwenzetu alikuwa amekwisha kufa.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa meneja, sisi wa kamati ya tawi. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Halafu akasema mambo mawili. La kwanza, ajali ilitokea nyumbani na si kazini, na sheria ya fidia inataka ajali iwe imetokana na kazi na imetokea katika kazi. La pili, bodi ya safu ile ina fyuzi, na fyuzi ilikutwa nzima. Kama umeme ungekuwa na kasoro, fyuzi ingekatika. Kwa kuwa haikukatika, kasoro ilikuwa ya mtu. Hatukuwa na jibu. Wengi wetu tuliishia darasa la saba, na neno la fyuzi lilitufunga midomo. Tulitoka pale tukiamini nusu nusu kwamba pengine kweli marehemu ndiye aliyekosea.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja fundi wa kiwanda, aliyekuwa amefanya kazi zamani katika Uganda Electricity Board. Tulimkuta nyuma ya bohari akinywa chai, tukamweleza maneno ya meneja. Alicheka kicheko kisicho na furaha. Akasema, "Wanangu, fyuzi hiyo haikuwekwa kwa ajili yenu. Iliwekwa kwa ajili ya waya." Kisha akachukua kijiti akatuandikia hesabu mchangani, na tangu siku ile tumekuwa tukiiandika katika kila semina.

Hesabu ni hii. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Chukua globu ya kizamani ya wati 60. Wati 60 ukigawa kwa volti 240 unapata robo ya ampia. Ampia moja ina miliampia 1,000, kwa hiyo globu ile inatumia miliampia 250. Sasa weka mtu mahali pa globu. Miliampia 1 ikipita mwilini anahisi kama sindano ndogo. Zikifika 10 hadi 20, misuli ya mkono inajikaza yenyewe na mtu hawezi kuachia alichoshika, hata angetaka. Zikifika 30 hivi, pumzi inaanza kumshinda. Zikipita 50, kwa muda mfupi tu, moyo unaweza kuacha mapigo yake ukawa unatetemeka bila kusukuma damu. Maana yake, umeme unaowasha globu moja ya chumba unazidi mara nyingi ule unaoweza kumwua mtu.

Na fyuzi je? Fyuzi kubwa ya plagi ni ya ampia 13, yaani miliampia 13,000, na hata zikizidi kidogo haikatiki papo hapo, huchukua muda. Fyuzi ya bodi ya taa ni ya ampia 5, yaani miliampia 5,000. Mwenzetu labda alipitiwa na miliampia 100 au 200. Kwa fyuzi hicho ni kitu kidogo mno, haikuwa na sababu ya kukatika. Kazi ya fyuzi ni kukatika waya unapobebeshwa mzigo usiouweza, ili waya usiwe moto ukachoma nyumba. Kwa hiyo fyuzi kukutwa nzima hakuthibitishi lolote juu ya marehemu.

Tukamwuliza mzee: basi mtu analindwa na nini? Akachukua plagi ya miguu mitatu akatuonyesha mguu wa juu, ule mrefu.

Plagi hii ni ya Kiingereza. Kipimo chake kilitolewa Uingereza mwaka 1947, na ndiyo iliyoenea Uganda, Kenya na Tanzania. Miguu miwili ya chini ndiyo inayofanya kazi: mmoja waya wa moto, unaoleta umeme, na mwingine nyutro, unaourudisha. Mguu wa juu hauleti kitu wala hauchukui kitu siku zote ambazo mambo ni mazuri. Huo ni athi, yaani waya wa ardhi, na umefungwa kwenye bati la pasi. Siku waya wa moto unapochubuka ndani ya pasi na kugusa bati, umeme unakuta njia nyepesi ya kushuka ardhini kupitia waya ule, unapita mwingi kwa mara moja, na hapo ndipo fyuzi inapokatika, kabla mtu hajagusa. Pasipo waya wa ardhi, bati linakaa na umeme wake kimya. Pasi inapata moto kama kawaida, taa za jirani zinawaka, fyuzi nzima. Umeme unangoja mtu mwenye miguu mitupu.

Holda ya taa ina nyaya mbili tu. Adapta ya kuchomeka kwenye holda haina mahali pa kupitisha waya wa tatu, hata kama plagi ya pasi inao. Pasi ya marehemu tuliipeleka kwa mzee akaifungua: waya wa moto ulikuwa umechubuka pale unapoingilia mpini na unagusa bati. Labda ulikuwa hivyo kwa siku nyingi.

Mguu wa juu umefanywa mrefu makusudi, ili uunganike wa kwanza na uachane wa mwisho. Tena ndio unaofungua vifuniko vidogo vya ndani ya soketi vinavyoziba matundu mawili ya chini, mtoto asije akaingiza msumari. Kwa sababu hiyo soketi hukataa plagi nyembamba ya miguu miwili ya mviringo. Nasi tumejifunza ubishi: tunaingiza kalamu katika tundu la juu, au kijiti cha kiberiti, au, Mungu atusamehe, mpini wa kijiko, kisha tunasukuma plagi ndani. Tumeona hivyo kambini, na tumeona hivyo katika vyumba vya kupanga vya Jinja, vile vinavyoitwa mizigo, wanamokaa wenzetu wa viwandani. Miguu ya mviringo haikamatwi vizuri na vyuma vya soketi. Inalegea, inacheche, inapata moto, plastiki inayeyuka. Na kama fundi wa kwanza aliunganisha soketi kinyume, kijiko hicho kinakuwa cha mwisho. Chaja ya simu au redio ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji waya wa ardhi, itumie kwa adapta nzuri yenye fyuzi. Pasi, birika la chuma, jiko na jokofu visichomekwe pasipo miguu yote mitatu kufanya kazi.

Baada ya hayo tuliomba ruhusa, tukapita safu kwa safu na mzee, chumba kwa chumba, tukiandika katika daftari. Tulichokuta hakikuwa kigeni, kwa kuwa vyumba vingine vilikuwa vyetu.

Tulikuta fyuzi za bodi zimefungwa waya wa shaba uliosokotwa mara tatu, na moja imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Watu walifanya hivyo kwa sababu fyuzi ilikuwa ikikatika kila jioni. Na ilikuwa ikikatika kwa haki: nyaya zile ziliwekwa kwa ajili ya globu moja kila chumba, na sasa zinabebeshwa majiko. Jiko la koili la wati 2,000 pamoja na pasi ya wati 1,000 ni ampia 12 na nusu, zikipita katika waya uliokusudiwa ampia 5. Mkaa umepanda bei, watu wafanye nini? Hilo tutalirudia. Lakini ukiifunga fyuzi kwa shaba umemwondoa mlinzi wa waya, na waya uko juu ya dari ya mbao kavu na manyoya ya panya.

Tulikuta waya wa spika ya redio umetumika kupeleka umeme chumba cha pili. Tulikuta ekstensheni imeviringwa ikiwa inatumika, na katikati ya mviringo waya umekuwa laini kwa joto. Tulikuta plagi ambayo ukiigusa huwezi kuishika. Hiyo ni dalili ya skrubu iliyolegea ndani au soketi iliyochoka. Mama mmoja alitueleza kwamba chumba chake kilikuwa kikinuka samaki na hakuwa amepika samaki. Mzee alikwenda moja kwa moja kwenye soketi. Plastiki ya umeme ikiungua mara nyingi hunuka hivyo.

Jambo lililomtisha mzee kuliko yote lilikuwa nje. Waya wa moto ulipita kutoka safu hadi safu ukiegemea ncha ya bati la paa, na kutoka paa lile akina mama walikuwa wamefunga waya wa chuma wa kuanikia nguo. Waya wa umeme ukichubuka na upepo, paa lote linapata umeme, na waya wa nguo pia. Mama anaanika shuka mbichi, amesimama katika tope. Siku ile ile tulikata nyaya zote za chuma za kuanikia na kununua kamba za katani kwa pesa ya tawi. Kamba ni kitu rahisi, tungeweza kufanya hivyo miaka kumi kabla.

Juu ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga ndani ya ndoo, tunasema kwa mkato: usitie kidole kupima joto kabla hujachomoa plagi. Na jiko la koili iliyo wazi lisikorogewe kwa mwiko wa chuma.

Wapo wenzetu wanaojua kufunga plagi wenyewe, nao tunawaambia hivi. Ukifungua kifuniko na kuelekeza mguu mrefu juu, waya wa kahawia unakwenda kulia, upande wa fyuzi. Wa buluu kushoto. Wa kijani na njano juu. Wa ardhi uache mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa uwe wa mwisho kung'oka. Kibano cha chini kikamate ngozi ya nje ya kamba, si nyaya zenyewe. Redio au taa ya meza iwe na fyuzi ya ampia 3; pasi na birika ndizo za ampia 13. Katika nyumba za zamani utakuta rangi nyingine: nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ardhi. Lakini usiziamini rangi za ukutani, kwa sababu hujui nani alikutangulia. Tulikuta swichi za taa zimekata nyutro badala ya waya wa moto. Globu inazimika, lakini holda bado ina umeme kamili, na mtu anabadilisha globu akijua amezima.

Dukani pia angalia. Plagi nzuri ina kola ya plastiki kwenye shingo za miguu miwili ya chini tu. Ukiona mguu wa juu wa chuma nao umevishwa kola, hiyo ni bandia, iache. Kola ile inazuia athi isishike vizuri. Chaja zingine zina mguu wa juu wa plastiki tupu, hiyo ni halali kwa vile hazihitaji ardhi.

Sasa turudi kwa mwajiri. Baada ya daftari kujaa tulikwenda tena kwa meneja, na safari hii hatukuzungumza juu ya fyuzi yake. Tulimwuliza nyumba ni ya nani. Shirika la umeme linamiliki waya mpaka kwenye mita. Zamani ilikuwa UEB mpaka ilipovunjwa mwaka 2001, kisha Umeme ikasambaza tangu 2005 hadi mwisho wa Machi 2025, na sasa ni UEDCL. Kutoka mita kuingia ndani ni mali ya mwenye nyumba. Katika kambi mwenye nyumba ni shamba. Mfanyakazi haruhusiwi hata kupigilia msumari wa picha bila kibali cha ofisi, basi atalaumiwaje kwa waya ambao hakuuweka? Na mtu akinyimwa soketi huku ameuziwa umeme, atachomeka kwenye holda, au atamwita yule fundi wa kichochoro ambaye Uganda tunamwita kamyufu, afunge usiku na kuondoka. Mkataba wa ILO Namba 184 wa mwaka 2001, unaohusu usalama na afya katika kilimo, haukusahau nyumba za wafanyakazi wanaolazimika kuishi shambani. Tuliutaja. Meneja aliandika namba yake.

Mwanzoni shamba lilikubali jambo moja tu, kuchimbia nondo ya athi kila safu. Mzee akatuonya tusiridhike. Nondo ikiwa katika udongo mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 40. Volti 240 ukigawa kwa 40 ni ampia 6. Fyuzi ya ampia 13 haitakatika, na bati la pasi litaendelea kuwa na umeme. Pamoja na nondo lazima iwepo swichi ya usalama, ambayo mafundi huiita RCD. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ukipungua kwa miliampia 30, maana yake kiasi hicho kimepitia mahali pengine, pengine mwilini mwa mtu, na inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haiwezi kumwokoa aliyeshika moto na nyutro kwa mikono miwili, kwa kuwa kwake huo ni mzigo kama globu. Lakini kwa pasi ya marehemu ingekata.

Mabishano yalichukua mwaka mzima na zaidi. Mwaka 2013 yaliingia katika mkataba wa pamoja: soketi mbili kila chumba kwa waya wake mbali na wa taa, nondo, swichi ya usalama kila safu, na kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha Electricity Regulatory Authority. Mjane hakupata fidia. Alipewa miezi mitatu ya kukaa chumbani, kisha akarudi kwao na watoto.

Ikitokea ajali, msimguse aliyenaswa. Kimbieni swichi au bodi. Kama iko mbali, simama juu ya kitu kikavu, umsukume kwa mti mkavu au kiti cha plastiki. Akishaachana na umeme, kama hapumui, weka mikono miwili katikati ya kifua na ukandamize kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka afike mganga. Moto wa umeme usimwagiwe maji. Kata umeme kwanza, tumia mchanga.

Mpaka sasa safu nne zimefungwa kama mkataba unavyosema. Kila mwanzo wa mwezi katibu wa tawi anapita na kubonyeza kitufe cha kujaribia cha kila swichi. Isipokata anaandika, na daftari linakwenda ofisini siku hiyo hiyo. Safu ya tano na ya sita bado zina globu moja na holda, na ofisi inasema vifaa vimeagizwa. Chumba alichoishi marehemu kiko safu ya sita na kina mtu mwingine, kijana wa kuchuma chai aliyetoka Kongo. Tulipopita mwezi huu tulikuta adapta katika holda yake. Tumeichukua, na katibu amemwazima pasi yake ya mkaa.